Siku Niliyopima Sabuni Nikaiita Kinini

Mtu akikuambia kwamba jina langu linajulikana Beni, tafadhali usimwulize linajulikana kwa lipi, maana atakuambia, na atakuambia huku akicheka, na mimi nimeshachoka kuchekwa hata na watu ambao wakati ule walikuwa bado hawajazaliwa. Afadhali mlisikie kwangu. Mimi Katungu, laborantini, yaani mpimaji wa maabara, wa Butembo, mtoto wa mama aliyenifundisha kwamba chombo kichafu hakiwekwi mbele ya wageni, nilisimama katikati ya ukumbi uliojaa watu nikawathibitishia kwamba maji ya mvua ni dawa ya malaria. Na nilithibitisha kwa sayansi, ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ningekuwa nimelewa ningekuwa na la kujitetea.

Ilikuwa wakati wa vita, ile ya pili, tulipokuwa tunapata wakubwa wapya kabla hatujazoea majina ya wale wa zamani, na barabara ya Butembo kwenda Beni ilikuwa na vizuizi vingi kuliko kona zake. Dawa hazikuja tena kwa njia tuliyoijua. Zilikuja ndani ya mizigo ya wafanyabiashara, zimepakiwa pamoja na betri na sabuni na viatu, na mara nyingi aliyeuza hakujua alichonunua. Kinini, yaani vile vidonge vichungu vya malaria, watu walikuwa wanaipima kwa ulimi: ukilamba ukakunja uso, basi ni yenyewe. Wajanja nao wakalisikia hilo. Wakaanza kukanda unga wa muhogo na maji ya majani machungu, ukilamba unakunja uso vilevile, ila homa haishuki, na mtoto anakufa na uchungu wa majani mdomoni. Niliwaona watoto wa namna hiyo, wawili, kwa macho yangu, na sipendi kuwasimulia.

Sasa kulikuwa na Prof Kambale, mwalimu wangu wa kemia wa sekondari (kwetu kila mwalimu wa sekondari ni Prof, hata kama ana kaptula moja), ambaye shule yake ilikuwa imefungwa kwa sababu askari walikuwa wanalala madarasani na kupikia kuni za madawati. Alikuwa amekaa nyumbani na mguu unaomvimba na hasira ya mtu asiye na wa kumfundisha. Siku moja akaniita nyumbani kwake saa nne ya asubuhi, akafunga madirisha, akaziba mlango na blanketi, nikaanza kufikiri mabaya, halafu nikamwona ametoa mrija wa kioo mwembamba kuliko penseli, umejazwa unga wa chaki ya shuleni na kuzibwa chini na pamba. Pembeni chupa ya kanyanga, ile pombe kali ya kuchemsha. Pembeni tena glasi ya maji ya mvua aliyotia matone machache ya asidi ya batri. Na mkononi taa ndogo ya rangi ya zambarau, ile wanayotumia wanunuzi wa dhahabu kuangalia kama dola ni ya kweli.

Akasaga kidonge cha kweli pamoja na kipande cha jani chungu, akakoroga kwenye kanyanga, akamimina kidogo juu ya mrija.

“Katungu, angalia,” akasema. “Mu kidonge moja kuko batu mingi. Kuko unga, kuko majani, kuko kinini yenyewe. Bakiwa pamoja, hauwezi kuwajua. Mais, lakini mu huu mrija, kila mutu anatembea na mwendo yake. Majani inakwama kule juu. Kinini inakuya polepole, kwa tone ya kumi na tano hivi. Weye ngojea tu.”

Nikangoja. Akawasha taa, na pale juu ya mrija majani yale ya kijani yakawaka mekundu, ndugu zangu, mekundu kama kaa la moto, majani ambayo nimeyachuma tangu utoto bila kujua kwamba yana wekundu ndani. Chini, tone la kwanza likaanguka kwenye glasi, giza. La pili, giza. La kumi, giza. Lilipoanguka la kumi na tano, au la kumi na sita, glasi yote ikageuka buluu, buluu isiyo ya kitambaa wala ya maua, buluu inayotoa mwanga yenyewe. Nikasikia nywele za shingoni zinasimama. Prof akafanya jambo moja zaidi ili kunimaliza: akatumbukiza kidonge kimoja kwenye jerikani nzima ya maji, akakoroga, akachota kikombe kimoja tu, akakimimina kwenye beseni la maji mengine, akatia asidi yake, akamulika. Bado. Hafifu, kama pumzi juu ya kioo, lakini bado ilikuwa buluu. Nililia kidogo, sioni haya kusema, kwa sababu kwa miezi mingi kila kitu mjini kwetu kilikuwa cha kuficha, na hapa palikuwa na kitu ambacho hakikuweza kujificha hata kikimwagwa kwenye beseni.

Ndipo ikaja barua ya Masera. Huyu alikuwa mtawa anayeongoza kituo kimoja cha afya Beni, mwanamke mfupi, maneno machache. Aliandika kwamba mfanyabiashara mmoja wa Kirumba, Mama Kavugho, amewaletea bidoni nzima, yaani dumu zima, ya kinini, lakini kuna maneno mjini kwamba ni ya bandia, na wagonjwa wanaikataa, na msimu wa homa umeshaanza, na watu waliokimbia vijiji vya Kalunguta wanalala kwenye veranda yake na watoto wanaotetemeka. Alikuwa amesikia habari za mrija. Prof aje apime mbele ya watu wote, maneno yaishe.

Prof hakuweza kupanda gari kwa mguu ule. Akanituma mimi. Akaufunga mrija wake kwenye ukurasa wa daftari, akanipa pamoja na taa na chupa mbili, ya kanyanga na ya asidi.

“Kwanza maji,” akasema. “Uulize maji kwanza, kisha uulize kinini. Na huu mrija, sabuni hapana. Kanyanga na maji ya mvua, basi.”

“Juu ya nini, Prof?”

“Juu nimesema.”

(Ningependa iandikwe mahali fulani kwamba hakunieleza sababu. Haitanisaidia, lakini iandikwe.)

Nikapanda lori la mbao. Kwenye kizuizi cha tatu askari akafungua mfuko wangu, akautoa mrija, akautazama kwenye mwanga wa jua.

“Ndeko, hii ni nini? Ni bombe ya kulipuka?”

“Hapana, ndugu yangu. Ni ya kupimia dawa.”

“Na hii maji?”

“Asidi ya batri.”

“Asidi ya batri ni dawa ya nani?”

Nikaona safari inaishia pale. Nikamwomba aingie chini ya turubai la lori, penye giza, nikawasha taa, na kola ya shati lake ikawaka buluu nyeupe mpaka kidevu. Akaruka nyuma, akajigonga kichwa kwenye mbao.

“Nzambe, Mungu yangu. Ndeko, mwili yangu inawaka?”

“Hapana mwili,” nikamwambia, nikicheka, najisikia bingwa. “Ni shati. Umefua muzuri, iko na sabuni mingi.”

Nililisema hilo kwa mdomo wangu huu. Nililisema, nikafunga mfuko, nikaendelea na safari bila kulisikia. Mungu alinitumia mwalimu mwenye bunduki pale barabarani, akanifundisha somo lote, na mimi nikampa sigara ya asante.

Nilifika Beni mchana. Mama Kavugho alikuwa ananingoja kwa Masera, mwanamke mnene wa sauti ya chini, kitambaa kimefungwa vizuri, macho ya mtu ambaye halali. Alinisalimia kwa Kinande, akaniuliza habari za wazazi wangu mmoja mmoja, na kama desturi inavyotaka mgeni asipokelewe mikono mitupu, akanipa pakiti ya sabuni ya unga, ile nzuri ya kutoka Uganda, ambayo wakati ule ilikuwa zawadi ya kumpa mkwe.

“Binti yangu,” akasema, “mimi sina mambo mingi ya kusema. Nilinunua kwa mutu ninayemuamini. Kama ni ya uongo, seme ni ya uongo, nitaitupa mu choo mbele ya batu bote. Mais kama ni ya kweli, seme kwa nguvu.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, sayansi haina upendeleo. (Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilikuwa nasema vitu vya namna hiyo.)

Baadaye nikaufungua mrija ili kuutayarisha, na hapo ndipo ulipo mzizi wa aibu yangu yote. Ulikuwa mchafu. Prof alikuwa ameutumia hata kioo kikawa cha manjano, na mdomoni palikuwa na ukoko wa kijani. Nikawafikiria watu wa Beni watakaokuja kesho, padri, wafanyabiashara, wake za wafanyabiashara, nikaisikia sauti ya mama yangu kuhusu chombo na wageni. Mtu wa Butembo kwenda kwa watu na chombo cha manjano? Nilikuwa nimeshaloweka koti langu jeupe kwenye beseni na sabuni ya Mama Kavugho, povu limesimama kama kofia ya askofu. Nikautumbukiza mrija humo humo. Kidogo tu, nikajiambia. Nikausugua na uzi, pamoja na glasi, nikasuuza mara moja, kwa heshima, nikavianika vyote juani. Viling'aa. Nikavitazama kwa kiburi, nikajaza mrija chaki mpya, nikalala usingizi wa mwenye haki.

Asubuhi ukumbi wa parokia ulijaa hadi mlangoni. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi ya kituo. Mbele kabisa alikaa Baba Paluku, mnunuzi wa magome ya mti wa kinkina, ambayo ndiyo mama wa kinini, mzee ambaye ulimi wake ulikuwa unaaminiwa toka Beni hadi Kipese, na sijui ni nani alimkalisha karibu hivyo na meza yangu. Pembeni yake, chini kwenye mkeka, mwanamke mmoja wa Kalunguta, Mama Kahindo, na mtoto wake wa kike mgongoni, mtoto wa miaka miwili hivi, shingo imelegea, joto lake nililisikia nilipopita. Masera alikuwa amempa vidonge vya bidoni ile tangu juzi na yeye alikuwa amevifunga kwenye pindo la kitenge bila kuvitumia, kwa sababu ya yale maneno. Alikuwa amekuja kusikia kama avifungue.

Nikawasha taa, na kabla sijapima chochote ukumbi wote ukavuta pumzi, kwa sababu koti langu lilikuwa linawaka. Kutoka shingoni hadi magotini nilikuwa nimewaka buluu nyeupe kama mtu aliyeshuka kutoka mahali pazuri. Mtu mmoja akafanya ishara ya msalaba. Na mimi, ndugu zangu, nisiwafiche, niligeuka polepole ili na wale wa nyuma waone.

Prof alikuwa amesema kwanza maji. Nililikumbuka. Lakini fikiria, umewafungia watu kwenye giza, wametoka mbali, halafu uanze kuwapimia maji? Wangeona mchezo wa kitoto. Nikaruka moja kwa moja kwenye kinini. Mama Kavugho mwenyewe alichagua kidonge kutoka bidoni, nikasaga, nikakoroga, nikamimina.

Tone la kwanza likaanguka, buluu.

Tone la kwanza. Siyo la kumi na tano. Niliona, sitawadanganya, lakini ukumbi ulikuwa umeshapiga kelele ya furaha, na mdomo wangu ukakimbia mbele ya akili, nikasema kwa sauti ya kengele:

“Hii kinini iko safi mpaka inakimbia!”

Makofi. Vigelegele. Mama Kavugho akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakatetemeka, na Mama Kahindo pale mkekani akaanza kufungua fundo la kitenge. Laiti ningezima taa wakati ule, nikafunga mfuko, nikapanda lori. Dawa ilikuwa ya kweli, na mimi ningekuwa mtu mkubwa hadi leo. Lakini Baba Paluku akainua mkono, kwa adabu kabisa, akaniita binti kwa Kifaransa chake.

“Mamuzeli, wasingya, asante, tumeona. Mimi ni muzee, sina masomo. Sasa weka maji matupu, batoto baone tofauti.”

Nikaweka maji ya mvua na kanyanga kidogo, bila kidonge, na tabasamu langu mahali pake. Tone la kwanza: buluu. La pili: buluu. Nikasema mrija bado una mabaki, nikamimina tena. Buluu. Nikabadilisha chaki, jasho limeanza kunitoka chini ya koti la malaika. Buluu. Baba Paluku akaomba tupime unga wa muhogo wa jikoni kwa Masera, ukawaka. Jamaa mmoja wa nyuma akaleta bia yake, akatia mrijani tone lake moja yeye mwenyewe kwa mkono wa ukarimu, ikawaka vizuri kuliko zote. Hapo Baba Paluku akachovya kidole kwenye ile glasi ya kwanza ya maji, akaonja, kabla sijamwambia kuna asidi, akafikiri.

“Iko na ukali,” akasema. “Mais haiko chungu.”

Wakacheka. Kicheko kilianza mbele kikaenda nyuma kikarudi. Nikasimama na ile taa mkononi sijui niiweke wapi, na mwanga wake ukaangukia mkono wa koti langu, na mkono wa koti ulikuwa na buluu ileile ya kwenye glasi, na nikaiona kola ya yule askari, na nikakisikia mwenyewe kicheko changu chini ya turubai.

“Ni sabuni,” nikasema. Sauti ilitoka ndogo. “Niliosha mrija na sabuni. Nimepima sabuni.”

Hata Masera akageuka upande. Na laiti ingeishia kwenye kicheko, maana kicheko hakiui, lakini mtu mmoja akauliza gizani, kwa kudadisi tu:

“Sabuni ulitoa wapi?”

Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kusema kweli (nilikuwa nimechelewa, nikataka kufidia), nikajibu:

“Mama Kavugho njo alinipa.”

Kicheko kikakatika. Mnajua ukumbi unavyobadilika. Nilisikia minong'ono ikipita toka benchi hadi benchi, ameleta sabuni, ameleta sabuni makusudi, wamepanga, na mtu akavuta blanketi moja dirishani, jua likaingia, na buluu yote ikafa mara moja. Kwenye mwanga ule nilimwona Mama Kahindo amesimama. Alikuja hadi mezani, akaviweka vidonge vyake mbele yangu, kimoja kimoja, vya moto kutokana na mwili wake, akasema bila hasira:

“Shika, dada. Mimi nitamutafutia majani.”

Akaondoka na mtoto wake. Mama Kavugho alikaa tu, mikono mapajani, akiitazama bidoni yake.

Sikuwa nimewahi kuona haya namna ile na sijaona tena. Watu walipokwisha kuondoka nilimfuata Masera nikamwomba ruhusa ya kujaribu tena siku ileile. Akaniangalia juu hadi chini.

“Kwanza vua ile koti,” akasema.

Nikakaa nyuma ya jiko la watawa na chupa ya kanyanga (Masera alitaka nikae huko ili padri asisikie harufu), nikasuuza mrija, nikasuuza glasi, nikaingia chini ya blanketi na taa kuangalia, buluu, nikatoka, nikasuuza, nikaingia, buluu. Sabuni ile niliyoitia kidogo tu. Mara ya tano, mara ya nane. Na huko chini ya blanketi, nikiwa nimelowa pombe na machozi, nilianza kuogopa, siyo kuchekwa, ila kile kitu chenyewe nilichokuwa nimekishika. Nilikuwa nimefikiri nimepewa jicho la kuwatazama wengine. Kumbe lilikuwa linaona kila kitu, na cha kwanza lilichokiona Beni nzima kilikuwa mimi, usafi wangu, povu langu, sauti ya mama yangu. Halikunisahau hata baada ya kusuuza mara nane. Nikamwelewa Prof. Maji kwanza maana yake ni kwamba anayeulizwa kwanza ni wewe.

Chupa ilipobaki vidole viwili nikaingia tena chini ya blanketi, nikadondosha maji kwenye mrija, nikangoja matone ishirini. Giza. Sijawahi kufurahia giza namna hiyo.

Nikaenda kumtafuta Mama Kahindo kwenye veranda. Mtoto alikuwa amelala mapajani, macho nusu wazi, na sahani ya majani yaliyopondwa ilikuwa pembeni. Nikapiga magoti.

“Mama, sikuombe uamini mimi,” nikamwambia. “Mimi nilikosa. Nakuomba uje uangalie na macho yako. Kama hauone, nitanyamaza.”

Akamwinua mtoto, akaja.

Tulikuwa wanne chumbani: yeye, Masera, Mama Kavugho aliyesimama karibu na ukuta, na mimi bila koti. Safari hii nikaanza na maji. Nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hadi ishirini, na sote tukatazama glasi ambayo haikufanya kitu. Mama Kahindo akapumua. Kisha nikamwambia achukue kidonge kimoja kati ya vilevile alivyorudisha. Nikasaga, nikamimina. Moja, giza. Tano, giza. Kumi, giza, na nikasikia Mama Kavugho akinong'ona jina la Nyamuhanga, Mungu wa wazee wetu. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne, giza bado, na nikafikiri, basi, labda kweli ni ya bandia, na sijui ningewaambia nini. Likaanguka la kumi na tano, na buluu ikazaliwa pembeni ya glasi, ikashuka polepole ikizunguka kama moshi, ikajaa, ikamulika vidole vya Mama Kahindo na paji la uso la mtoto. Hakuna aliyepiga kigelegele. Hata Masera, ambaye huomba mara tano kwa siku, nadhani pale aliomba ya sita.

“Ilikuwa mule ndani muda yote?” Mama Kahindo akauliza kwa sauti ya chini.

“Muda yote,” nikamjibu.

Akachukua kidonge kingine, akampondea mtoto palepale kwenye kijiko. Mtoto alikunja uso na kutema kidogo, mama yake akakirudisha mdomoni kwa kidole. Homa ilianza kushuka siku ya tatu.

Mngetaka niishie hapo, hata mimi ningetaka. Lakini Mama Kavugho alinifuata nje.

“Asante,” akasema. “Sasa hii tumeona batu bane. Ile ya asubuhi baliona mji muzima. Kesho ni soko.”

Nikamwambia sawa, nitaleta mrija sokoni. Akatikisa kichwa, akaelekeza kidole juu angani, kwenye jua la Beni. Nikaelewa. Buluu ile haionekani juani. Kusingekuwa na blanketi la kufunika soko, kusingekuwa na taa, kusingekuwa na tone la kumi na tano. Kungekuwa na mdomo wangu tu, uleule uliosema inakimbia.

Basi siku ya pili nilisimama juu ya kreti ya bia kati ya wauza maharage na wauza mafuta ya mawese, nikasema kwa sauti kwamba mimi Katungu wa Butembo nilionywa nisitumie sabuni nikatumia, kwamba Mama Kavugho alinipa sabuni kama mgeni anavyopewa na hakujua naenda kuoshea nini, kwamba kinini yake ni ya kweli, na kwamba mjinga alikuwa mmoja na ndiye huyu wanayemwona. Walicheka vizuri sana. Mtoto mmoja akaniita Mamuzeli Sabuni na jina likashika papo hapo, likafika Butembo kabla yangu, hata Prof alinipokea nalo. Lakini nilipomaliza nikaona Baba Paluku anapasua umati, akasimama mbele ya kreti, akanitazama, akaupeleka mkono kwa Mama Kavugho, aliyekuwa kando yangu na bidoni yake, akaomba kidonge kimoja. Akalamba. Akakunja uso.

“Mutu mwenye anasema aibu yake mbele ya soko hawezi kudanganya juu ya kinini,” akasema, na bidoni iliisha wiki ileile.

Leo nafundisha vijana kazi ya maabara, wana mashine zenye kioo na namba, hawahitaji kanyanga. Lakini kila anayeingia kwangu ataanza na maji matupu, na tutasimama wote tukiangalia sifuri hadi wachoke, na akiniuliza juu ya nini, namwambia akae chini nimsimulie. Sabuni ya unga nyumbani kwangu haiingii. Nafua na ya kipande, na nguo zangu ni za manjano kidogo.